Mashine Imegonga Jiwe: Pima Kwanza, Ndipo Utoe Pesa

Nakala ya kusoma ya kipindi cha redio
Kwa: wavuvi, waendesha mitumbwi, wenye mashine, na vikundi vya pamoja vya wakimbizi na wenyeji, mwambao wa Fizi, Ziwa Tanganyika

(Muziki wa kufungua. Unashuka polepole.)

MTANGAZAJI:  

Leo tunazungumza juu ya mashine ya mtumbwi, ile wengine wetu tunayoiita motere. Tunazungumza juu ya siku inapogonga jiwe. Kila mtu wa ziwani anaijua sauti ile: gaa! Mtumbwi unashtuka, mashine inapiga kelele, halafu watu wote wanamtazama yule aliyeshika mkono wa mashine.

Baada ya hapo maswali ni matatu. Kimeharibika nini? Kitagharimu kiasi gani? Na nani atalipa? Swali la tatu ndilo linalovunja vikundi. Lakini haliwezi kujibiwa vizuri kama la kwanza na la pili hayajajibiwa. Kwa hiyo twende kwa utaratibu.

KWA NINI TUNAGONGA

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu kabisa. Duniani ni la pili kwa kina. Lakini hakuna propela inayovunjika kwenye mita 1,470. Inavunjika kwenye nusu mita ya maji, karibu na ufuko, wakati safari imeshakwisha na kila mtu anafikiria kushuka.

Ukitazama Rasi ya Ubwari, ng'ambo ya Baraka, utaona milima inaingia majini moja kwa moja. Sehemu nyingi za ziwa letu ziko hivyo: mawe ya nchi kavu yanaendelea chini ya maji. Mahali pengine ni mchanga, na hatua chache mbele ni mwamba.

Kuna jambo la pili. Tangu mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda sana. Gatumba upande wa Burundi, Uvira na Kalemie upande wa Congo, nyumba ziliingiliwa na maji na watu wakahama. Pale palipokuwa na ukuta wa nyumba, kisiki cha mwembe au nguzo, sasa huenda kuna maji juu yake. Kwa hiyo mzee aliyezoea njia ya kuingilia gati kwa miaka 20 anaweza leo kugonga kitu ambacho zamani kilikuwa nchi kavu. Na maji yakishuka, mawe yaliyokuwa salama yanakuwa karibu tena na propela. Njia ya mwaka jana usiiamini mpaka uichunguze upya.

Jambo la tatu ni upepo. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa 5 hadi wa 9, upepo wa kusini unavuma kwa nguvu na mawimbi ni makubwa. Mtumbwi ukipanda wimbi, uko juu ya jiwe. Ukishuka, mashine inalikalia.

DAKIKA TANO ZA KWANZA

Mashine imegonga. Usikimbilie kuiwasha tena. Fanya haya kwa mpangilio huu.

Kwanza, zima. Vuta ile kamba ya kuzimia mashine. Mtu yeyote asiingize mkono kwenye propela wakati mashine bado inaweza kuwaka. Vidole vimepotea kwa sababu ya "ngoja nitazame kidogo tu".

Pili, hesabu watu na utazame kama kuna aliyeumia au aliyeanguka. Wenye majaketi ya kuokolea wafunge kamba zao vizuri.

Tatu, tazama mtumbwi kabla ya mashine. Maji yanaingia? Tazama sehemu ya nyuma, pale mbao zinapokutana na ule ubao mnene unaobeba mashine. Pigo la jiwe linapita kwenye mashine na kuusukuma ubao ule. Mara nyingi pamba na lami zilizoziba nyufa zinaachia. Mashine nzima kwenye mtumbwi unaozama haimsaidii mtu.

Nne, kama upepo unawasukuma kwenye mawe, tumieni makasia au tupeni nanga. Kumbuka kwamba mashine nyingi za mkono, ukiweka gia ya kurudi nyuma, zinajifunga zisiinuke. Ukirudi nyuma juu ya mawe, mashine haiwezi kuruka jiwe kama inavyofanya ikienda mbele. Inapokea pigo lote. Watu wengi waliogonga kidogo wakienda mbele, waliharibu sana wakirudi nyuma.

Tano, mkiwa mahali salama, inua mashine na utazame. Hapo ndipo upimaji unaanza.

IJUE NJIA YA NGUVU

Ili ujue kilichoharibika, ni lazima ujue nguvu inapita wapi. Nitasema kwa kifupi.

Injini iko juu, chini ya kofia. Kutoka pale shafti ndefu inashuka wima ndani ya mguu wa mashine. Njiani inazungusha pampu ndogo ya maji inayopoza injini. Chini kabisa kuna geaboksi, lile umbo kama samaki. Ndani yake kuna gia tatu: moja ndogo inayokuja na shafti ya juu, na mbili kubwa, ya kwenda mbele na ya kurudi nyuma. Gia hizo zinaigeuza nguvu kutoka wima kwenda mlalo, na shafti fupi ya mlalo inaizungusha propela, ambayo wengine wanaiita elisi.

Gia zile zinaogelea ndani ya oili nzito. Pale shafti ya propela inapotoka nje, kuna sili za mpira. Kazi yake ni moja: oili isitoke, maji yasiingie. Kumbuka sili hizo. Ni ndogo, na ndizo zitakazotuambia kama hasara itakuwa ndogo au kubwa.

Chini ya geaboksi kuna pezi, kipande cha bapa kinachoshuka chini kuliko propela. Pezi liko pale lipokee jiwe la kwanza kwa niaba ya propela.

Jiwe likigonga, pigo linapita njia ile ile lakini kwa kurudi nyuma: pezi na propela, kisha shafti ya mlalo, sili, gia, shafti ndefu, mabano, ubao wa nyuma. Wewe nawe upime kwa mpangilio huo huo, kutoka nje kwenda ndani.

VIPIMO SABA

Kabla ya kuanza, weka mashine kwenye nyutro, yaani gia ya katikati, na uchomoe kofia za plagi. Sasa mashine haiwezi kuwaka kwa bahati mbaya.

Kipimo cha 1: Pezi na mwili wa geaboksi. Osha, kausha, tazama. Pezi lililokatika ncha si msiba. Lisugue kwa tupa libaki laini, uendelee na kazi. Hatari ni ufa unaopanda kutoka kwenye pezi kuingia kwenye geaboksi. Ufa mdogo hauonekani kwa macho. Mafundi wana njia rahisi: paka mafuta ya taa mahali unapopashuku, subiri kidogo, futa mpaka pakauke, kisha paka chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki.

Kipimo cha 2: Propela. Tazama kila jani. Jani lililokunjika au kukatika linafanya mashine itetemeke. Usiseme "inasukuma tu". Mtetemo ule unapiga shafti na sili mara maelfu kwa kila safari. Unakula usichokiona.

Kipimo cha 3: Pini au mpira wa katikati. Mashine ndogo nyingi zina pini inayounganisha propela na shafti. Imetengenezwa ikatike, ili gia zipone. Ikikatika, injini inanguruma lakini mtumbwi hauendi. Badilisha pini na umshukuru Mungu. Usiweke msumari wa chuma kigumu mahali pake, maana siku nyingine msumari hautakatika, zitakatika gia. Mashine kubwa zaidi hazina pini. Zina mpira ndani ya propela. Mpira ukiteleza, mtumbwi unakwenda ukiwa polepole, lakini ukiongeza moto, injini inalia na mwendo hauongezeki. Ili kuhakikisha, chora mstari mmoja kwa msumari, kuanzia chuma cha ndani cha propela kupita mpira hadi chuma cha nje. Endesha kidogo, zima, tazama. Mstari ukiwa umeachana, mpira umekwisha.

Kipimo cha 4: Shafti ya propela. Toa propela. Shika kijiti imara karibu na ncha ya shafti bila kuigusa, mwenzako aizungushe shafti polepole kwa mkono. Nafasi kati ya kijiti na shafti ikibaki ile ile, shafti imenyooka. Ikikaribia na kwenda mbali, imepinda. Shafti iliyopinda hata kidogo inaisukuma sili upande mmoja kila inapozunguka. Sili inachoka, maji yanaingia.

Kipimo cha 5: Oili ya gia. Hiki ndicho kipimo kikubwa, na hakihitaji vifaa zaidi ya bisibisi na kopo safi. Acha mashine itulie imesimama wima kwa saa kadhaa, usiku mzima ni bora. Weka kopo chini, legeza skrubu ya chini taratibu. Tazama kinachotoka kwanza. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yameingia, yatatangulia kutoka.
Oili safi yenye rangi yake: vizuri.
Oili nyeupe kama chai ya maziwa: maji yameingia na kuchanganyika.
Maji matupu, kisha oili: sili imeachia au kuna ufa.
Sasa pitisha oili kati ya vidole na utazame ncha ya skrubu. Uji mwembamba wa kijivu ni wa kawaida, ni gia kusuguana. Vipande unavyoweza kuvihesabu ni meno ya gia. Ukiona vipande, usiwashe mashine hiyo tena mpaka ifunguliwe.

Kipimo cha 6: Gia. Zungusha propela kwa mkono, kwanza kwenye nyutro, kisha gia ya mbele, kisha ya nyuma. Sikiliza. Kukwama mahali pamoja, kuruka, au mlio wa kusaga ni dalili ya jino lililovunjika au beringi iliyoumia.

Kipimo cha 7: Mabano, boloti na ubao wa nyuma. Shika mashine, itikise. Inacheza? Tazama nyufa kwenye mabano ya kubania. Kwa wale wanaoifunga mashine kwa kamba isiinuke: mashine iliundwa iruke inapogonga. Ukiifunga, jiwe linalipiza kwenye mabano na mtumbwi. Kamba ya usalama iwepo ili mashine isizame ikichomoka, lakini iwe na ulegevu wa kuiruhusu iruke.

Baada ya hapo, kama vipimo vyote ni vizuri, rudisha oili na ujaribu majini. Oili ya gia inajazwa kutoka tundu la chini kwenda juu, mpaka itoke kwenye tundu la juu bila mapovu. Funga la juu kwanza, kisha la chini, na uweke wosha mpya. Mashine ikiwaka, tazama ule mkojo wa maji yanayorudi ziwani. Ukiwa dhaifu, pampu imeingia mchanga au imeumia. Zima kabla injini haijaungua.

(Muziki mfupi.)

MADARAJA MATATU YA HASARA

MTANGAZAJI: Sasa umepima. Weka mashine yako katika mojawapo ya madaraja haya.

Daraja la kwanza ni hasara ya nje: pezi, propela, pini, mpira. Geaboksi haifunguliwi. Kazi ya saa chache au siku 1.

Daraja la pili ni hasara ya mlangoni: shafti ya propela imepinda, sili zimeachia, maji yameanza kuingia lakini gia bado nzima. Geaboksi inafunguliwa na kusafishwa. Usikubali haraka mtu anayetaka kuinyoosha shafti kwa nyundo. Kwa macho itaonekana imenyooka, lakini sili haidanganyiki.

Daraja la tatu ni hasara ya ndani: meno ya gia, beringi, shafti ndefu, au geaboksi yenye ufa. Hapa kuna watakaokwambia "tutachomea". Geaboksi ni ya aluminiamu. Mashine ya kuchomea milango na vitanda vya chuma haiiwezi. Inahitaji mtambo wa gesi na fundi anayeijua aluminiamu, na sili zitolewe kwanza kwa sababu moto unaziua.

Kinachowauma wengi ni hiki: daraja la pili likiachwa, linakuwa la tatu. Maji yakikaa ndani ya geaboksi, kutu inaanza kwenye gia na beringi hata kama mashine haitumiki. Kwa hiyo kuipumzisha mashine kwa wiki mbili mkitafuta pesa siyo kuitunza. Kama hamna pesa ya kutengeneza leo, angalau mwageni maji, msafishe, mjaze oili mpya, na mashine isishuke majini. Oili hiyo inanunua muda.

HESABU YA KARATASI

Bei ninazotaja sasa ni za kujifunzia hesabu tu. Nimechagua namba rahisi. Za soko lako uziulize mwenyewe, kwa watu wawili au watatu.

Tuseme ni daraja la pili. Andikeni hivi:
Shafti ya propela: dola 120
Sili 2, kila moja dola 8: dola 16
Oili ya gia: dola 10
Wosha: dola 2
Kazi ya fundi: dola 30
Usafiri wa kufuata vipuri: dola 20
Jumla ya matengenezo: dola 198

Hesabu haijaisha. Siku za kutokwenda ziwani nazo ni pesa. Tuseme kikundi kinabakiwa na dola 12 kwa siku, na kazi inachukua siku 5. Hiyo ni dola 60. Hasara yote ni dola 258.

Sasa tuseme walipuuza, wakaendelea na mashine inayotetemeka mpaka gia zikaliwa:
Gia 3: dola 210
Beringi: dola 60
Shafti: dola 120
Sili, oili na wosha: dola 28
Kazi ya fundi: dola 60
Usafiri: dola 20
Jumla: dola 498
Siku 15 bila kazi: dola 180
Hasara yote: dola 678

Tofauti ni dola 420, na jiwe ni lile lile. Jiwe lilichukua 258. Zilizobaki tulizitoa wenyewe kwa kutofungua skrubu moja.

Mambo matatu yanasaidia kwenye hesabu hii. La kwanza, kabla ya kukubali daraja la tatu, uliza bei ya mguu wa chini mzima uliotumika, wa mashine ya aina na nguvu ile ile. Wakati mwingine ni nafuu kuliko gia moja moja. Ufungue oili yake kabla hujalipa, kwa kipimo kile cha 5. La pili, kama matengenezo yanazidi nusu ya bei ya mashine nyingine kama yako inayofanya kazi, kaeni mfikiri tena. La tatu, sili zibadilishwe kila geaboksi inapofunguliwa, hata kama za zamani zinaonekana nzuri. Kurudisha sili ya zamani ili kuokoa dola 16 ni kufungua mlango ule ule uliolipa kuufunga.

NANI ALIPE?

Hapa tuseme ukweli. Kwenye mwambao wetu mashine moja mara nyingi ina watu wengi nyuma yake. Mwenye mashine ni mwenyeji, mwenye mtumbwi ni mwingine, na anayeendesha ni mkimbizi aliyekuja na ujuzi wake kutoka Rumonge au Nyanza-Lac. Au kikundi cha watu 10, wakimbizi na wenyeji pamoja, walipewa mashine moja. Siku jiwe linapogonga, maneno yanabadilika. Jana tulikuwa "sisi wavuvi". Leo tumekuwa "wale" na "hawa".

Mwendeshaji asiye na karatasi anaweza kudaiwa mashine nzima kwa kosa la propela. Na mwenye mashine asiye na karatasi anaweza kurudishiwa mashine iliyokufa na kuambiwa ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Karatasi inawalinda wote wawili.

Andikeni mapatano kabla ya mashine kushuka majini, na msome kwa sauti ili asiyejua kusoma asikie. Yawe na mambo haya:

Hali ya mashine siku ya kukabidhiana, pamoja na oili ya gia kufunguliwa mbele ya wote. Piga picha ya propela na pezi kama kuna simu.

Aina za ajali. Jiwe lisilojulikana kwenye njia ya kawaida ni ajali ya kazi, na inalipwa na mfuko wa kikundi au kwa mgao mliopatana. Ulevi, mwendo mkali karibu na ufuko, au safari ya usiku bila taa ni uzembe, na mwendeshaji anabeba sehemu kubwa zaidi. Kitu kilichochakaa, kama sili ya miaka mingi, ni cha mwenye mashine.

Upimaji ufanywe mbele ya watu wawili, mmoja wa kila upande, kabla ya fundi kuanza kazi. Asiwepo mtu wa kufungua mashine peke yake usiku.

Fundi aandike kila kipuri na bei yake, na arudishe vipuri vya zamani. Gia iliyovunjika uione kwa macho, uishike kwa mkono.

Na mfuko. Kila mnaporudi na ndagala au mukeke, wekeni kando kidogo, hata kama ni faranga chache, kwa jina la mashine. Mashine nayo ni mtu wa kikundi. Ina haki ya mgao wake.

MASWALI YA WASIKILIZAJI

Swali: Sina mashine, mimi ni abiria tu. Hii inanihusu nini?
Jibu: Inakuhusu sana, mama. Mtumbwi uliogonga jana na leo unapakia watu na magunia unaweza kuzimikia katikati ya ziwa. Una haki ya kuuliza: "Mashine imepimwa?" Ukiona inatetemeka kupita kawaida wakati bado mko karibu na ufuko, sema. Nauli inarudishwa, roho hairudi.

Swali: Je, oili ya injini inaweza kutumika kwenye gia?
Jibu: Hapana, kaka. Gia zinataka oili nzito ya gia. Kwa mashine nyingi za mkono ni namba 90, lakini fuata kitabu cha mashine yako. Ibadilishwe kila baada ya saa 100 za kazi au miezi 6, kinachotangulia, na kila baada ya kugonga.

Swali: Ni wakati gani mzuri wa kufungua mashine bila kupoteza kazi?
Jibu: Wakati uvuvi umefungwa, au zile siku za mwezi mkubwa ambapo taa hazivuti ndagala. Badala ya mashine kulala, ipimwe.

Swali: Fundi wetu yuko mbali. Naweza kurudi nyumbani na propela iliyokunjika?
Jibu: Kama kipimo cha shafti na cha oili ni kizuri, rudi polepole sana, karibu na ufuko lakini nje ya mawe, bila mzigo mzito. Beba propela ya akiba, pini na spana siku nyingine. Vinaingia kwenye mfuko mmoja.

KUMBUKA

Zima, hesabu watu, tazama mtumbwi, ndipo mashine. Pima kutoka nje kwenda ndani. Oili ya chai ya maziwa haingoji wiki ijayo. Andika hesabu na siku zilizopotea. Na unapokaribia ufuko, punguza moto, weka mtu mbele na mti mrefu wa kupimia kina, na umsikilize anaposema "mawe!"

Ukimaliza kusoma karatasi hii, usiitupe. Mpe mwenye mashine, naye ampe mwendeshaji wake. Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza juu ya kuziba nyufa za mtumbwi wa mbao. Kama una njia ya wazee wako ya kuchanganya pamba na mafuta, andika au pita kwenye studio utufundishe.

Safari njema, na Mungu awarudishe salama.

(Muziki wa kufunga.)